Umesaini taimushea safarini? Ghairi kwanza, ya mkono wa pili utaitafuta baadaye

Kama umerudi Arusha na folda nene ya mkataba wa taimushea, usianze kuuliza nani atainunua kwako. Tafuta tarehe. Biashara hii ya kununua wiki moja ya chumba cha hoteli kila mwaka, au pointi za kulipia siku za likizo, ni miongoni mwa chache ambazo sheria za nchi nyingi humpa mnunuzi siku za kujitoa bila kueleza sababu. Siku hizo ni chache, na zinaendelea kuhesabika wakati bado unapumzisha uchovu wa safari.

Wazo la "nitaiuza tu" ndilo linalowagharimu watu. Wiki ambayo kampuni imeiuza kwa dola 20,000 unaweza kuikuta kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa dola 1, na mwenyewe yuko tayari kulipia hata gharama za kuhamisha hati, ilimradi aondokane na ada ya matunzo ya kila mwaka. Bei ya kampuni imebeba kamisheni ya yule kijana mcheshi aliyekaa nanyi mezani saa tatu nzima, chai ya asubuhi ya bure, zawadi, matangazo na watu waliokataa ambao nao walikunywa chai hiyohiyo. Hakuna kati ya hivyo kinachobaki kwenye chumba. Ni nguo ya dukani ikikutana na mtumba wa Memorial pale Moshi: kitambaa kilekile, ila bei ya pili haina kodi ya fremu ndani yake.

Lakini jambo hilohilo linaloua matumaini ya kuuza ndilo linalompa nafuu anayetaka kununua. Kama hoteli umeipenda kweli, rudisha mkataba, pesa irudi, kisha nunua wiki hiyohiyo kwa mtu aliyechoka nayo. Ukigeuza mpangilio huo, yaani ukae na mkataba mpya huku ukiangalia kama soko litakubeba, siku za kughairi zitakwisha na utabaki kuwa mmoja wa wale wanaouza kwa dola 1.

Fanya hesabu kabla moyo haujakurudisha nyuma. Chukua bei ya dola 20,000. Kianzio asilimia 10, dola 2,000. Zinazobaki 18,000 ni mkopo wa kampuni yenyewe kwa miaka 10, na riba ya asilimia 15 kwa mwaka si ya ajabu kwenye mikopo hii. Rejesho la mwezi linakuwa kama dola 290, na mpaka mwisho umelipa dola 34,850 hivi. Ongeza ada ya matunzo: ikianza dola 1,000 na kupanda asilimia 5 kila mwaka, miaka 10 inakula nyingine 12,580 hivi. Jumla ni kama dola 49,400 kwa wiki kumi za kulala, karibu dola 4,940 kwa wiki, na bado hujakata tiketi kutoka KIA. Kwa hoteli za Orlando, jimboni Florida nchini Marekani, kuna jambo jingine ambalo muuzaji hana sababu ya kuligusa: kumiliki wiki hakukupi viza. Ukinyimwa ubalozini, ada ya mwaka inalipwa vilevile.

Una siku ngapi

Sheria inayokuhusu ni ile iliyotajwa kwenye mkataba, kwa kawaida ya mahali hoteli ilipo. Uraia wako na benki uliyolipia havibadilishi kitu.

Florida, ambako hoteli nyingi za namna hii ziko, inatoa siku 10 za kalenda tangu uliposaini au ulipopokea karatasi ya mwisho inayotakiwa kisheria, ile itakayochelewa zaidi. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ukisaini tarehe 3, siku yako ya mwisho ni tarehe 13. California na Hawaii ni siku 7, Nevada 5. Kwa Meksiko ni siku 5 za kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinafuata agizo la mwaka 2008 linalotoa siku 14, na linamkataza muuzaji kupokea hata kianzio kabla siku hizo hazijaisha. Uingereza ina kanuni zake za 2010 zenye siku 14 vilevile. Ulaya, kama hukupewa ile fomu rasmi ya kujitoa, muda unarefuka hadi mwaka mmoja na siku 14, kwa hiyo ikague folda vizuri kabla ya kusema umechelewa.

Afrika Kusini inawahusu sana watu wa utalii wa huku, kwa sababu ya maonesho ya Indaba pale Durban kila Mei. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kulinda Walaji ya 2008 kinatoa siku 5 za kazi kwa mtu aliyefuatwa na muuzaji: aliyesimamishwa njiani na kupewa kadi ya kukwangua, aliyepigiwa simu, aliyetumiwa barua pepe. Ukiingia ofisini kwao kwa hiari yako bila kufuatwa na mtu, kifungu hiki kinaweza kukukatalia, kwa hiyo tunza ile kadi au ule ujumbe uliokuita. Ukisaini Jumatano, Alhamisi ni ya kwanza na Jumatano inayofuata ni ya tano. Sikukuu za kwao hazihesabiwi. Aprili 27 na Mei 1 ni kati yake.

Kwa waliovuka Holili au Namanga kwenda Mombasa na Diani, Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya 2012 inaitaja taimushea na kutoa siku 10 baada ya kupokea nakala ya maandishi ya mkataba. Neno la kushika hapo ni nakala. Ukiambiwa "tutakutumia", siku hazijaanza kuhesabiwa, lakini usijifiche nyuma ya hilo, ghairi sasa.

Tanzania ndiyo yenye pengo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haina siku za kujirudi. Ukisaini kwenye semina ya hoteli mjini Arusha kwa mkataba unaofuata sheria za Tanzania, unategemea mambo mawili: kipengele cha kughairi ndani ya mkataba wenyewe, kama kipo, au kifungu cha 19, kinachokuruhusu kuuvunja mkataba ulioupata kwa udanganyifu au maelezo ya uongo. Cha pili kinahitaji ushahidi. Ujumbe wa WhatsApp ambamo muuzaji aliandika "utaiuza kwa faida muda wowote" una thamani kuliko kumbukumbu yako ya alichosema. Wakili ataanza na notisi ya madai, na malalamiko ya muuzaji kupotosha wateja yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Barua yenyewe

Iwe fupi. Ukianza kueleza kwamba ada ya shule imepanda au mama mkwe amekataa, unampa mtu wa upande wa pili kitu cha kukujibu. Sheria haikudai sababu. Andika kwa lugha ya mkataba; maudhui yake ni haya tu:

"Tarehe. Kwa (jina la muuzaji kama lilivyo kwenye mkataba). Sisi, (majina yote ya wanunuzi kama yalivyo kwenye mkataba), tunaghairi mkataba namba (…) tuliosaini tarehe (…) kuhusu (jina la hoteli, namba ya chumba na wiki, au idadi ya pointi). Tunaghairi pia mkopo unaohusiana nao, namba (…). Tunaomba kurejeshewa fedha zote tulizolipa, dola (…), kwa njia ileile tuliyolipia. Sahihi."

Wote waliosaini mkataba wasaini barua. Mume akisaini peke yake wakati mke yumo kwenye mkataba, umewapa sababu ya kuirudisha. Sentensi ya mkopo nayo usiisahau: mara nyingi pale mezani ulifunguliwa pia kadi au akaunti ya mkopo ambayo ina karatasi zake, na kughairi ununuzi bila kuutaja mkopo huzaa barua za kudaiwa miezi baadaye. Ambatanisha nakala ya ukurasa wa kwanza wa mkataba na ukurasa wa sahihi.

Anwani ya kutuma haiko kwenye kadi ya muuzaji. Iko kwenye kipengele cha kughairi. Kwa Florida sheria inataka kiwe karibu na mahali pa sahihi, kikiwa na jina na anwani ya muuzaji. Usipokiona, tafuta mfuko wa ndani wa folda, au ile flashi waliyokupa, ambako hupakia kurasa mia kadhaa ambazo hakuna anayezifungua. Huko ndiko vipengele vingine hujificha.

Kuituma kutoka hapa

Hapa ndipo watu wa Arusha na Moshi hujikwaa. Kama bado uko huko ugenini, tuma ukiwa hukohuko, kwa barua ya rejista yenye stakabadhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Kama umesharudi, nenda EMS ya Posta, pale Mnara wa Saa kwa Arusha, au kwa kampuni ya vifurushi, na uchague kwa kuangalia anwani: kampuni kama DHL hupeleka kwenye jengo na mtaa, si kwenye sanduku la posta. Mkataba ukitoa sanduku la posta peke yake, EMS au rejista ndiyo njia. Ukitoa vyote viwili, tuma kwa vyote viwili. Gharama ya kifurushi ni ndogo mbele ya dola 20,000.

Kwa Florida barua inahesabika siku ilipotumwa, haijalishi imefika lini. Kwa hiyo kitu cha thamani ni risiti yenye mhuri wa tarehe. Mwombe karani agonge mhuri unaosomeka, upige picha ya risiti, bahasha iliyofungwa na barua yenyewe. Kwenye nchi ambako haijasemwa hivyo, chukulia kwamba lazima ifike, na uongeze barua pepe. Afrika Kusini inakubali taarifa ya maandishi au njia nyingine yenye kumbukumbu, kwa hiyo barua pepe yenye PDF iliyosainiwa inafaa. Itume kwa anwani ya kampuni iliyo kwenye mkataba, na nakala kwa idara yao ya mikataba. Ukimtumia muuzaji peke yake umemtumia mtu ambaye kamisheni yake inakufa akiifungua.

Angalia na saa. Florida iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira yao, kwa hiyo siku yao ya mwisho inaisha huku kukiwa kumekucha. Mtu hujifariji kwamba ana usiku mzima wa ziada. Posta haina usiku huo.

Simu haighairi kitu. "Meneja atakupigia" haighairi kitu. Na ukipigiwa kweli, utakutana na mtu mpole kuliko wote, ambaye kazi yake ni kukupa kifurushi kidogo zaidi, cha majaribio, kwa bei ya nusu. Kuwa mkali hapo: kusaini karatasi yoyote mpya kunaweza kufuta barua yako na kukuingiza mkataba wa pili. Wengine huleta hati inayosema umeacha haki yako ya kughairi. Florida inasema wazi kwamba hati ya namna hiyo ni batili. Zawadi walizokupa, kama saa au tableti, fuata maelekezo ya mkataba kuhusu kuzirudisha, nazo kwa kifurushi chenye namba ya kufuatilia.

Pesa kurudi

Florida inampa muuzaji siku 20 tangu apokee barua, au siku 5 tangu malipo yako yaingie kwake, ile itakayochelewa. Afrika Kusini ni siku 15 za kazi. Zikipita bila kitu, njia inategemea ulivyolipa.

Kwa kadi ya Visa, hata ya kawaida iliyounganishwa na akaunti yako ya shilingi, kuna kipengele ambacho wachache wanakijua: kanuni za Visa za mabishano ya malipo zinaitaja taimushea kwa jina. Mwenye kadi aliyeghairi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya mkataba au tangu alipopokea karatasi zake ana msingi wa kudai malipo yarudishwe. Nenda tawini na fomu ya kupinga muamala, nakala ya barua, risiti ya kutuma na ukurasa wa tarehe. Benki hutaka kuona kwamba ulimpa muuzaji nafasi ya kurudisha mwenyewe, siku 15 hivi, na dirisha la kudai kwa kawaida ni siku 120, basi usingoje miezi. Uliyelipa kwa uhamisho wa benki huna mlango huu. Unabaki na barua, sheria na malalamiko kwa mamlaka ya huko, kama Tume ya Taifa ya Walaji ya Afrika Kusini. Hii peke yake ni sababu tosha ya kutolipa kianzio kwa uhamisho.

Siku zikiwa zimepita

Anza na kampuni yenyewe. Makundi makubwa ya Marekani yana utaratibu wa kupokea wiki zilizochokwa, kwa sharti mbili: mkopo uwe umekwisha na ada iwe haina deni. Uliza idara ya wamiliki, si ya mauzo. Hoteli ikikataa, tangaza wiki kwa bei ya sifuri na ujitolee kulipia gharama za kuhamisha hati pamoja na ada ya mwaka unaofuata. Tangazo la dola 8,000 litakaa hapo mpaka ulisahau. Kuacha kulipa tu, ukidhani umbali utakulinda, huishia kwa wakusanya madeni na gharama juu yake.

Na mara jina lako likishaonekana kwenye orodha ya wauzaji, simu itaita. Mtu atakuambia anao wateja tayari, bei nzuri kuliko uliyonunulia, kinachotakiwa ni kodi ya awali au ada ya usajili. Mnunuzi halisi hakudai pesa wewe muuzaji kabla ya mauzo. Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni mwaka 2023, na tena 2024, kwa utapeli wa aina hiihii unaoendeshwa na genge la dawa za kulevya la Jalisco nchini Meksiko, kwa hiyo sauti ya upole upande wa pili haikuhakikishii kitu. Kampuni zinazoahidi "kukutoa" kwenye mkataba kwa ada kubwa ya mbele ziweke kwenye kapu hilohilo.

Ukiitaka bado, kwa mkono wa pili

Jiulize kwanza kama unahitaji kumiliki. Mwenye kampuni ya safari Arusha hana nafasi Juni mpaka Oktoba wala Desemba mpaka Februari; likizo yake ni Aprili na Mei, masika yanapoharibu barabara za hifadhini. Ukitoa Pasaka, miezi hiyo sehemu nyingi huwa haigombaniwi sana na watalii, na wamiliki waliokwama hukodisha wiki zao kwa bei inayokaribia ada ya mwaka. Kununua wiki ya msimu wa juu ambayo hutaweza kuitumia ni kumlipia mwingine likizo. Kwa watu wengi wa huku, kukodi kwa mmiliki kupitia tovuti ya RedWeek kunamaliza hamu yote bila hati yoyote.

Ukiamua kununua, angalia bei zilizouzwa, si zinazoombwa: eBay inaonyesha mauzo yaliyokamilika, na jumuiya ya wamiliki ya TUG ina soko lake. Afrika Kusini, uliza kama dalali ni mwanachama wa VOASA, chama cha biashara ya taimushea cha huko. Kisha dai vitu hivi kabla ya kulipa: nakala ya hati, taarifa rasmi kutoka hotelini inayoonyesha ada imelipwa mpaka lini, hakuna deni, na mwaka wa kwanza utakaoweza kutumia, na jibu la kama kampuni ina haki ya kwanza ya kununua, kwa maana inaweza kuichukua kwa bei mliyokubaliana na kukuacha mikono mitupu baada ya wiki kadhaa za kusubiri. Uliza pia kinachokatwa kwa mnunuzi wa mkono wa pili. Disney, kwa mfano, iliamua kuanzia Januari 2019 kwamba pointi za hoteli zake 14 za mwanzo zikinunuliwa kwa mmiliki hazitumiki kwenye hoteli zake mpya kama Riviera. Kama ulichopenda ni hoteli moja, hilo halikuumizi. Kama ulichopenda ni kuzunguka, umenunua kitu kingine.

Pesa isikae kwa muuzaji. Iwekwe kwa wakala wa kuhamisha hati aliyesajiliwa mahali hoteli ilipo, na maelekezo ya maandishi kwamba haitoki mpaka hoteli ithibitishe kwa barua kuwa jina lako liko kwenye daftari la wamiliki. Hati iliyosajiliwa peke yake haitoshi. Hoteli isipokuwa na jina lako haitakupa nafasi ya kulala, na bili ya ada itaendelea kwenda kwa mmiliki wa zamani, ambaye ataitupa.